Kanisa la Mtakatifu Nikolasi la Leipzig: mitende ya mawe na Jumatatu za mwaka 1989

Lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara waliokutana kwenye njia panda ya Ulaya. Bach aliongoza muziki ndani yake. Na mwaka 1989 umma wa Ujerumani Mashariki ulitoka katika milango yake kwenda kuutikisa utawala bila ya kurusha jiwe. Katika makala ya leo tunalitembelea kanisa la usharika la Mtakatifu Nikolasi, katika mji wa Leipzig.

Msikilizaji mpenzi, mgeni anayelifikia Kanisa la Mtakatifu Nikolasi, au Nikolaikirche kama waitavyo wenyewe Wajerumani, haoni mwanzoni cha kumstaajabisha. Limebanwa na majumba katikati ya mji wa kale, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo kikuu cha reli, na ukuta wake wa magharibi ni mzito na mkavu kama ukuta wa ngome. Minara ipo, madirisha marefu yapo, lakini makanisa ya namna hiyo Ujerumani inayo mengi. Mshangao unamsubiri ndani. Akishavuka kizingiti anakuta weupe na mwanga, na katika mwanga huo safu mbili za nguzo ndefu zilizochongwa mifereji toka chini hadi juu. Pale juu, mahali ambapo kwa desturi nguzo huipokea dari, kila nguzo inachanua makuti ya rangi ya kijani iliyopauka, na baina ya makuti hayo dari imepakwa rangi ya waridi. Ni kana kwamba mtu alipanda shamba la mitende kwanza, kisha akaja kulijengea nyumba.

Mtu aliyekulia Pangani au Lamu atainua macho na kutaka kujua ni mti gani huu hasa, mtende au mnazi. Kwa haki, si huu wala si ule. Makuti yake yamesimama na kukunjuka kama taji, hayakuinama kama linavyoinama kuti lililozoea upepo wa kusi. Ni mti wa kitabuni. Hata hivyo mti huo wa mapambo unastahili kukumbukwa, kwa sababu mmoja wa aina yake leo umesimama nje ya kanisa, uwanjani, penye mvua na theluji, na habari ya namna ulivyotoka ndiyo tutakayoisimulia.

Leipzig ulipata hadhi ya mji na haki ya kuwa na soko kiasi cha mwaka 1165, na kanisa hili lilianza kujengwa katika miaka hiyo hiyo. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mji ulikaa mahali zilipokatana barabara mbili kuu za zama za kati: Via Regia iliyotoka magharibi, upande wa mto Rhine, kuelekea Poland, na Via Imperii iliyoshuka kutoka Bahari ya Baltiki kuelekea Italia. Wenye misafara walipumzisha farasi wao hapa, wakabadilishana bidhaa, na wakataka mahali pa kusali pamoja na mtakatifu wa kuwaombea. Wakamchagua Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi iitwayo leo Uturuki, ambaye Wakristo wa zamani walimhesabu kuwa mlinzi wa mabaharia na wafanyabiashara. Ule ukuta mzito wa magharibi ndio masalia ya kanisa hilo la mwanzo.

Biashara ilipozidi, kanisa halikutosha. Kaisari Maximilian wa Kwanza aliyapa maonyesho ya biashara ya Leipzig hati za upendeleo mwaka 1497 na tena mwaka 1507, na fedha zikamiminika mjini. Kati ya mwaka 1513 na 1526 fundi mkuu Benedikt Eisenberg alilijenga upya jengo lote lililo nyuma ya ukuta ule wa kale. Alilijenga kwa mtindo ambao wajuzi huuita kanisa la ukumbi: sehemu tatu ndefu zilizotenganishwa kwa nguzo, zote zikiwa na dari ya kimo kimoja. Katika makanisa ya kale zaidi sehemu ya katikati hupaa juu na zile za pembeni hubaki chini na gizani, na aliyekaa pembeni hujiona kama mgeni. Katika kanisa la ukumbi hakuna pembeni. Mwanga unaingia kutoka kuta zote mbili, na aliyesimama nyuma ya nguzo anayasikia yasemwayo takriban sawa na aliyeko mbele.

Eisenberg alikuwa bado yuko kazini pale Martin Luther alipozitoa hoja zake mjini Wittenberg mwaka 1517, umbali wa kilomita zipatazo 70 tu. Mwaka 1519 Luther mwenyewe alikuja Leipzig kujadiliana hadharani na mwanateolojia Johann Eck. Mtawala wa eneo hilo, Mwanamfalme George, alikuwa mlinzi mkali wa Ukatoliki, na kwa miaka 20 baada ya mjadala ule aliwazuia raia zake wasifuate mafundisho mapya. Alifariki Aprili 1539. Nduguye, Heinrich, aliirithi nchi, na kwenye sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huo huo Leipzig ikawa ya Kiinjili. Kanisa jipya la Eisenberg, lililokamilika miaka 13 tu nyuma, likabadilisha ibada bila kubadilisha nguzo hata moja.

Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokaa. Ibada ya Kiprotestanti ilihitaji watu waketi na kusikiliza mahubiri marefu, kwa hiyo ndani kukajazwa mabenchi na roshani za mbao. Familia za wafanyabiashara wakubwa zililipia viti vyao, na kiti kizuri kilikuwa alama ya heshima kama ilivyo leo nambari ya gari au mtaa anaoishi mtu. Maskini walisimama. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana kanisa hili lilikuja kuwa mashuhuri kwa kibao chenye maneno ya kinyume kabisa.

Ni katika hali hiyo ndipo alipowasili Johann Sebastian Bach. Vitabu vingi vya utalii humfungamanisha na Kanisa la Mtakatifu Thomas, lililoko upande wa pili wa mji wa kale, ambako kaburi lake liko. Lakini wadhifa wake ulikuwa wa kuongoza muziki katika makanisa yote makuu ya mji, na muziki wake wa kwanza akiwa na wadhifa huo ulisikika hapa kwa Mtakatifu Nikolasi, tarehe 30 Mei 1723. Mwaka uliofuata kukazuka kisa ambacho mwanamuziki yeyote wa kwaya atakielewa. Bach alikuwa ametunga muziki mkubwa wa Ijumaa Kuu, Mateso kwa mujibu wa Yohana. Akaandaa yote, hata vijitabu vya wasikilizaji vikachapishwa kwamba muziki utapigwa kwa Mtakatifu Thomas. Baraza la mji likamkumbusha kuwa makanisa hayo mawili hupokezana zamu, na zamu ya mwaka huo ilikuwa ya Mtakatifu Nikolasi. Bach alilalamika: roshani haina nafasi, na kinanda cha nyuzi kimeharibika. Baraza likakubali kutengeneza nafasi, kukarabati kinanda na kuchapisha tangazo jipya. Ndivyo kazi hiyo, ambayo leo huimbwa ulimwenguni kote kila Kwaresima, ilivyosikika kwa mara ya kwanza chini ya dari hii tarehe 7 Aprili 1724. Tuna haki ya kudhani kwamba mtunzi hakuwa na furaha kamili.

Bach hakuiona mitende. Ilikuja miaka 34 baada ya kifo chake. Mwaka 1784 meya Carl Wilhelm Müller na baraza lake waliona kuwa ndani ya kanisa kumekuwa giza na msongamano usiolingana na mji tajiri wenye elimu. Wakampa kazi msanifu Johann Carl Friedrich Dauthe, ambaye aliifanya hadi mwaka 1797. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakizungumza sana juu ya nadharia ya padri Mfaransa, Marc-Antoine Laugier, aliyefundisha kuwa usanifu wote ulianza na kibanda cha mtu wa kwanza: mashina manne ya miti kuwa nguzo, matawi kuwa paa. Nguzo nzuri, kwa maoni yake, ni ile isiyosahau kwamba ilikuwa mti.

Dauthe aliichukua nadharia hiyo kwa uzito wa pekee. Hakuzibomoa nguzo za Eisenberg, alizivisha. Alizichonga mifereji kama nguzo za Ugiriki, kisha akaziwekea makuti ya lipu pale zinapokutana na dari, hivi kwamba mbavu za mawe za zama za kati zikageuka kuwa miti inayoota. Mchoraji Adam Friedrich Oeser, ambaye Goethe alijifunza kwake kuchora, akaitengenezea kuta picha za Biblia. Wapo wajuzi wanaosema matokeo yake yanafanana zaidi na ukumbi wa dansi kuliko nyumba ya ibada. Mimi sikubaliani nao. Mtende ni mti wa Jumapili ya Matawi, na ndani ya Biblia ni mti wa mwenye haki na wa washindi waliovumilia. Dauthe alikuwa na sababu ya kuuchagua, hata kama wenye viti vya kulipia walifurahia zaidi rangi ya waridi.

Hapa tutulie kidogo, kwani jina la Leipzig si geni kwa baadhi ya wasikilizaji wetu. Mnamo mwaka 1848 shirika la misheni la Kilutheri lililoanzishwa Dresden mwaka 1836 lilihamia katika mji huu, na mwaka 1893 wamisionari wake wakafika Kilimanjaro na kuanza kazi Machame. Sharika nyingi za Kilutheri za Uchagani zinahesabu ukoo wao kutoka huko. Kisha, katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, walikuja Leipzig wageni wa namna nyingine: vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, waliofundishwa Kijerumani kwenye Taasisi ya Herder kabla ya kupelekwa vyuo mbalimbali vya Ujerumani Mashariki. Kwa Wazanzibari hasa nchi hiyo ilikuwa rafiki mkubwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni ushahidi hadi leo. Bila shaka wako wasikilizaji waliopita mbele ya kanisa hili kila siku bila kujua litakuja kuwa nini.

Nchi hiyo waliyoiona vijana wetu ilikuwa na uhusiano mgumu na makanisa yake. Katiba iliruhusu dini; maisha yaliiadhibu. Mtoto wa mchungaji angeweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu, na muumini kunyimwa cheo kazini. Watu wa Leipzig walikuwa na kumbukumbu yao wenyewe isiyofutika. Katika uwanja ulio jirani na Kanisa la Mtakatifu Nikolasi lilisimama Kanisa la Chuo Kikuu, lililojengwa na watawa wa Kidominiko katika karne ya 13, nalo lilikuwa limepona mabomu ya Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 30 Mei 1968 serikali ililipua kwa baruti, jengo zima na lisilo na ufa, kwa kuwa lilikuwa linaziba nafasi ya uwanja wa kisoshalisti. Waliopinga walikamatwa. Kila aliyesali kwa Mtakatifu Nikolasi baada ya siku ile alijua kwamba kuta za miaka 700 zinaweza kuanguka kwa sekunde chache.

Hata hivyo jengo la kanisa lilikuwa na kitu ambacho jengo jingine lolote nchini humo halikuwa nacho. Ili watu wakutane kwa mkutano wa aina yoyote ilitakiwa kibali cha polisi. Ibada haikuhitaji kibali. Mwaka 1978 viongozi wa makanisa ya Kiinjili na kiongozi wa nchi, Erich Honecker, walikuwa wamefikia maelewano yaliyolinda nafasi hiyo ndogo. Kwa hiyo swali likawa jepesi na zito kwa wakati mmoja: ibada ni nini, na nani anaruhusiwa kuihudhuria?

Kuanzia Septemba 1982 kanisa lilijibu swali hilo kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Ilikuwa miaka ya makombora ya nyuklia kukabiliana pande mbili za mpaka wa Wajerumani. Vijana walikuwa wameanza kushona kwenye makoti yao nembo ya mtu anayefua upanga kuwa jembe, na serikali ikaipiga marufuku, ingawa mchoro wenyewe ulitokana na sanamu ambayo Umoja wa Kisovieti uliupa Umoja wa Mataifa kama zawadi mwaka 1959. Polisi walikata nembo hizo kwa mikasi. Vijana wakabaki na tundu la duara kwenye koti, na kila mtu akalisoma tundu hilo. Hao ndio waliokuja kwenye Maombi ya Amani. Mchungaji wa usharika, Christian Führer, aliyeanza kazi hapo mwaka 1980, aliweka nje kibao chenye maneno haya: kanisa liko wazi kwa wote.

Isidhaniwe kuwa umati ulikuja mara moja. Kwa miaka kadhaa zilikuwepo Jumatatu ambazo waliohudhuria wangetosha kuketi mezani pamoja. Umati ulianza kuonekana mwaka 1988, na haukuwa umati wa waumini. Wengi walikuwa watu walioomba ruhusa ya kuhamia Magharibi na kwa ajili hiyo walipoteza kazi na marafiki. Mwezi Februari mwaka huo Führer aliwaalika kwa mazungumzo, akitazamia watu wachache, wakaja mamia. Hawakujua lini pa kusimama na lini pa kukaa katika ibada. Walijua tu kwamba mlango haukufungwa.

Si kila mmoja ndani ya kanisa aliufurahia mchanganyiko huo, na ukweli huu husahauliwa katika masimulizi ya sherehe. Mchungaji Christoph Wonneberger wa Kanisa la Mtakatifu Luka, aliyekuwa mratibu wa maombi hayo, pamoja na vikundi vya vijana vilivyoyaongoza, waliondolewa katika uongozi wa maombi mwishoni mwa Agosti 1988. Wakuu wa kanisa waliona siasa zimezidi dua, na serikali ilikuwa ikiwashinikiza. Vikundi vikakasirika. Waliponyimwa kusema ndani, wakaanza kusema nje, katika uwanja wa kanisa. Majira ya kuchipua ya 1989 walirudishwa, lakini walikuwa wameshajifunza kuutumia uwanja. Ukitaka kujua ni lini mapinduzi yalitoka kwenye mabenchi, huenda ni pale wenye kanisa walipojaribu kuyazuia.

Mwezi Mei 1989, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa ambao matokeo yake yalighushiwa, polisi walianza kuzifunga barabara zinazoelekea kanisani kila Jumatatu. Tarehe 4 Septemba, wakati wa maonyesho ya biashara, waandishi wa habari wa Magharibi walikuwepo mjini wakiwa na kamera. Baada ya maombi wasichana wawili walikunjua bango lililodai nchi iliyo wazi yenye watu huru. Maofisa wa usalama waliovaa kiraia, wa shirika la Stasi, walilichana mbele ya kamera. Jioni hiyo hiyo Ujerumani nzima ikaona. Jumatatu zilizofuata watu walikamatwa, na asubuhi yake wapita njia waliyakuta majina ya waliofungwa kwenye madirisha ya kanisa, pamoja na maua na mishumaa. Tarehe 25 Septemba maelfu waliandamana. Tarehe 2 Oktoba walikuwa wengi zaidi. Tarehe 7 Oktoba, nchi ikisherehekea miaka 40, polisi waliwapiga watu mitaani.

Kisha ikafika Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989.

Siku tatu nyuma gazeti la mji lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa mgambo wa viwandani iliyosema ujamaa utalindwa, ikibidi kwa silaha mkononi. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya uwanja wa Tiananmen mjini Beijing, na viongozi wa Ujerumani Mashariki walikuwa wameyaunga mkono hadharani. Askari na polisi wapatao 8,000 walikuwa wamewekwa tayari. Hospitali ziliandaa damu na vitanda. Wazazi waliambiwa wakawachukue watoto wao mapema kutoka shule za chekechea zilizo katikati ya mji.

Kanisani, tangu mapema mchana, mabenchi yalianza kujazwa na watu wasiozoea kuonekana hapo: mamia ya wanachama wa chama tawala, SED, walioagizwa waketi ili nafasi iishe. Führer alisimulia baadaye kwamba aliwakaribisha, akaeleza kuwa roshani za juu zitabaki zimefungwa hadi baadaye, kwa kuwa wafanyakazi wa kweli bado wako kazini na wao pia wanahitaji pa kukaa. Kwa hiyo wanachama wale walisikiliza ibada, wengine kwa mara ya kwanza maishani. Mle ndani walikuwemo watu wapatao 2,000, na makanisa mengine matatu ya mji yalikuwa yamejaa vilevile. Askofu Johannes Hempel wa Saxony alizunguka yote manne akiomba watu wasitumie nguvu. Likasomwa pia tangazo la watu sita wa Leipzig, akiwemo kiongozi wa okestra Kurt Masur na makatibu watatu wa chama hicho hicho tawala, wakisihi utulivu na mazungumzo. Sauti ya Masur ikasikika katika vipaza sauti vya mitaani.

Milango ilipofunguliwa, walio ndani hawakuweza kutoka. Uwanja ulikuwa umejaa hadi kuta za nyumba. Watu walishika mishumaa, na Führer alipenda kueleza faida yake kwa mtu wa vitendo: mshumaa unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga na upepo, basi hakuna mkono unaobaki kuokota jiwe. Walisogea polepole hadi kwenye barabara ya mzunguko, wakapita mbele ya kituo cha reli na mbele ya makao ya Stasi, watu wapatao 70,000, wakisema kuwa wao ndio umma. Amri ya kuwatawanya ilisubiriwa kutoka Berlin na haikuja kwa wakati. Vijana wawili, Aram Radomski na Siegbert Schefke, walikuwa wamejificha katika mnara wa Kanisa la Reformed wakirekodi. Kanda yao ilivushwa mpaka kwa siri na kuonyeshwa katika televisheni ya Magharibi siku iliyofuata. Tarehe 18 Oktoba Honecker alijiuzulu. Tarehe 9 Novemba, mwezi mmoja kamili baada ya jioni ile, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Yaliyofuata hayakuwa matamu kwa kila mtu. Viwanda vya Leipzig vilifungwa kwa wingi baada ya muungano wa mwaka 1990, na waliodai uhuru wakajikuta bila ajira. Führer, ambaye angeweza kuishi kwa heshima za jioni ile, aliwafungulia milango wasio na kazi kama alivyowafungulia waliotaka kuhama, na mwaka 2003 akaongoza maombi dhidi ya vita vya Iraq. Wapo waliomsifu mwaka 1989 na kumwona msumbufu baadaye. Alistaafu mwaka 2008 na kufariki mwaka 2014. Wala kanisa halikufaidika kwa hesabu ya waumini: wakazi walio wengi wa Leipzig hivi leo si washiriki wa kanisa lolote. Walipita humo, wakashukuru, wakaenda zao.

Na ule mti? Tarehe 9 Oktoba 1999, miaka kumi baada ya maandamano, nguzo moja ya Dauthe ilizinduliwa nje. Ni nakala, iliyobuniwa na msanii Andreas Stötzner, lakini ina mifereji ileile na makuti yaleyale, imesimama katika uwanja wa kanisa bila uzio wala jukwaa, na juu ya makuti yake hakuna dari. Wakati wa mvua maji huteremka katika mifereji. Watoto huizunguka wakicheza. Jirani yake, tangu mwaka 2003, pana bakuli la jiwe lililojaa maji hadi ukingoni, na giza linapoingia, taa zilizofukiwa kati ya mawe ya uwanja huwaka moja baada ya nyingine, hapa moja, pale mbili, kama watu walivyokuwa wakiwasili. Kila tarehe 9 Oktoba, tangu mwaka 2009, mji hufanya Tamasha la Mwanga na mishumaa hurudi kwa maelfu.

Katika Jumatatu za kawaida mambo ni madogo zaidi. Ikifika saa kumi na moja jioni Maombi ya Amani bado hufanyika. Mada huwa vita fulani, wakimbizi, au bei ya kodi za nyumba, na pengine waliokuja hawajazi mabenchi ya mbele. Kibao cha mlangoni kipo palepale.